Sura ya Tano: Jiliwa la Mguuni

Simamisha ubao wa mninga kwa ubavu wake, urefu mita mbili, unene sentimita tatu, kisha jaribu kuupiga randa. Hausimami. Ukiusukuma unateleza, ukiubana kwa goti unayumba, na randa inakula upande mmoja zaidi ya mwingine. Ndiyo maana katika karakana nyingi za barabarani utamkuta kijana anayejifunza kazi ameng'ang'ania ncha ya ubao kwa mikono miwili huku fundi akipiga randa, au utakuta misumari imepigwa juu ya meza ili ubao usikimbie. Kazi inakwenda, kwa kuwa mafundi wetu hawakosi njia. Lakini kijana yule angekuwa anajifunza kitu badala ya kuwa kibanio, na ule ubavu, ambao ndio utakaopakwa gundi na kuungwa na mwenziwe, unatoka na mawimbi. Gundi haifuti mawimbi. Meza inapasuka kwenye maungo baada ya miaka miwili, na mteja analaumu mbao.

Jiliwa la mguuni lilitengenezwa kwa ajili ya shida hii hasa: kushika ubao mrefu kwa ubavu, uso wake ukiwa umelala sambamba na ukingo wa benchi, pasipo mtu wa pili. Katika vifaa vyote nitakavyovieleza kitabuni humu, hiki ndicho ninachotamani zaidi kukiona kwenye karakana zetu, kwa sababu fundi anaweza kukitengeneza mwenyewe kwa mbao zilizobaki na parafujo moja.

Umbo lake ni hili. Chukua mguu wa mbele wa benchi, ule wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Mbele yake simamisha kipande kizito cha mbao kinachoanzia karibu na sakafu hadi usawa wa uso wa benchi. Hilo ndilo taya. Parafujo inapenya kwenye taya, inapita ndani ya mguu na kukamatwa na nati iliyofungwa nyuma ya mguu. Chini kabisa kuna papi iliyochomekwa kwenye taya kwa ulimi na tundu, nayo inapita kwenye mwanya uliochongwa mguuni. Papi hii imetobolewa matundu mengi, na katika mojawapo unachomeka pini. Ukizungusha mpini, taya zima linasogea kuelekea mguu mpaka pini igote. Hapo upande wa chini wa taya umefika mwisho wake. Parafujo ikiendelea kuvuta, sehemu ya juu ndiyo inayozidi kuingia, na huko juu ndiko ubao uliko.

Kwa hiyo jiliwa hili ni wenzo, lakini watu wengi wanaueleza vibaya. Husemwa kwamba urefu wa taya unaongeza nguvu ya kubana. Hauongezi. Egemeo liko chini kwenye pini, jitihada inatoka kwenye parafujo katikati, na mzigo, yaani ubao, uko juu. Huo ni wenzo wa daraja la tatu, na wenzo wa daraja la tatu siku zote hutoa nguvu ndogo kuliko iliyotiwa. Tufanye hesabu kwa benchi lenye kimo cha sentimita 85. Pini iko sentimita 10 kutoka sakafuni, parafujo sentimita 62, na ubao umebanwa kwenye sentimita 80. Kutoka pini hadi parafujo ni sentimita 52, kutoka pini hadi ubao ni 70. Nguvu inayofika kwenye ubao ni 52 kwa 70, kama asilimia 74 ya ile inayotolewa na parafujo. Robo iliyosalia inabebwa na pini.

Sasa pandisha papi hadi sentimita 40 kutoka sakafuni, kama wanavyofanya baadhi ya watu ili wasiiname sana. Hesabu inakuwa 22 kwa 40, asilimia 55. Karibu nusu ya nguvu yako inaishia kwenye pini, ambako haina kazi. Papi na ikae chini kadiri miguu yako itakavyoweza kuvumilia.

Kama nguvu inapungua, faida iko wapi? Iko kwenye nafasi. Parafujo ikikaa sentimita 23 chini ya uso wa benchi, ubao wenye upana wa sentimita 20 unaingia wote juu yake bila kugusa chuma, na unaweza kutokeza kulia na kushoto kadiri unavyotaka. Jiliwa la chuma linalofungwa chini ya meza lina parafujo na vyuma viwili vya kuongozea, na vyote viko karibu na juu. Ubao mpana ukiusimamisha humo unagota mapema, au unaukalisha pembeni ya vyuma na taya linapinda kwa kuwa linabana upande mmoja tu. Jiliwa la mguuni linapoteza robo ya nguvu na kupata nafasi hiyo yote, na nguvu ni kitu ambacho parafujo inacho cha kutosha na kusaza.

Chukua parafujo ya mbao ya kale, nene, ambayo mzunguko mmoja unaisogeza nusu inchi, milimita 12 na ushei. Mpini wake una urefu wa sentimita 40, hivyo mkono ukizunguka mara moja unasafiri karibu sentimita 125. Mkono umekwenda mara mia moja ya mwendo wa taya. Msuguano unakula sehemu kubwa ya faida hiyo, tena kubwa sana, lakini hata kinachobaki kinatosha kuacha alama kwenye mbao laini. Na msuguano huohuo ndio unaozuia parafujo isijifungue yenyewe ukiachia mpini. Fundi anabana kwa nguvu za kiganja tu, na ubao haumkimbii.

Jambo jingine ni mguu wenyewe. Taya liko mbele ya mguu, na mguu umesimama sakafuni. Ukigonga patasi kwenye ubao uliobanwa, pigo linashuka kwa mguu hadi ardhini badala ya kutikisa meza. Wahunzi wanalijua hili zamani: jiliwa lao la kufulia chuma nalo lina mguu mrefu unaofika chini, ili nyundo isilivunje.

Binadamu wamekata mbao kwa karne nyingi bila parafujo yoyote kwenye benchi. Warumi walikuwa na benchi za miguu minne, fupi, ambazo fundi aliweza kuzikalia, wakaushika ubao kwa vigingi, kabari na uzito wa mwili. Benchi la namna hiyo limepatikana Saalburg, ngome yao iliyoko Ujerumani ya leo. Si kwamba hawakuijua parafujo. Heron wa Aleksandria, katika karne ya 1, alieleza vinu vya kukamulia zabibu na zeituni vinavyotumia parafujo ya mbao, akaeleza pia chombo cha kukatia nyuzi za ndani ya nati. Kitabu chake cha mekanika kimetufikia kikamilifu kwa Kiarabu tu, kwa tafsiri ya Qusta bin Luqa wa karne ya 9. Ninaposoma habari hiyo hushangaa kwamba parafujo ilikuwepo, nati ilikuwepo, benchi lilikuwepo, na bado ilichukua zaidi ya miaka elfu kwa vitu hivyo kukutana. Pengine hawakuona haja. Kukata parafujo nene ya mbao ni kazi ya siku nzima kwa fundi stadi, na goti halilipwi.

Miongoni mwa michoro ya zamani kabisa ya benchi lenye parafujo ni ile ya mswada wa Löffelholz, uliotengenezwa Nuremberg mwaka 1505. London, mwishoni mwa miaka ya 1670, Joseph Moxon alianza kuchapisha maelezo ya ufundi wa mikono, na humo kuna jiliwa la parafujo mbili linalobana ubao kwa mbele. Lakini mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni André Jacob Roubo, seremala wa Paris aliyezaliwa mwaka 1739 na kufariki mwaka 1791. Baba yake alikuwa seremala. Roubo alisoma michoro na usanifu huku akifanya kazi ya mikono, na kuanzia mwaka 1769 akaanza kutoa, chini ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Ufaransa, kitabu kikubwa cha useremala chenye karibu michoro 400. Michoro aliichora mwenyewe. Vitabu vingi vya ufundi vya enzi ile viliandikwa na wasomi waliokwenda kumtazama fundi kwa siku chache, wakarudi kuandika. Cha Roubo kiliandikwa na mtu mwenye sugu mikononi, na kila ukurasa unaonyesha hivyo.

Benchi alilolichora lina bao la juu lenye unene wa inchi 5 hadi 6 za Kifaransa, yaani karibu sentimita 14 hadi 16, na miguu minene ya mwaloni iliyochomekwa moja kwa moja kwenye bao hilo. Uso wa mbele wa miguu uko sawasawa na ukingo wa mbele wa bao. Hakuna sehemu inayotokeza. Watu wengi hupita jambo hilo bila kulitazama, nalo ndilo siri ya benchi zima: ubao mrefu ukiulaza ubavuni mwa benchi, unagusa bao la juu na unagusa miguu yote miwili ya mbele, hivyo unaweza kubanwa popote. Kwa kazi nyingi Roubo alitumia kulabu ya mbao iliyopigiliwa kwenye ukingo wa kushoto, ambayo ncha ya ubao inaingia na kuzuiliwa, pamoja na vibanio vya chuma vinavyochomekwa kwenye matundu ya benchi na kukazwa kwa kugongwa nyundo. Jiliwa la mguuni amelichora pia, nalo linakaa kwenye benchi hilo kana kwamba miguu ile ilikatwa kulisubiri.

Kutoka Ulaya lilivuka bahari. Huko Marekani maseremala wa karne ya 18 na ya 19 walilitumia kila mahali. Washaker, jumuiya ya kidini iliyojulikana kwa samani zake nyepesi na safi, walitengeneza benchi ndefu mno zenye makabati chini na jiliwa la mguuni mwishoni. Karakana ya ukoo wa Dominy wa East Hampton, waliotengeneza samani na saa kwa vizazi kadhaa, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Winterthur, jimboni Delaware, na benchi zao zimo.

Kisha viwanda vya chuma vikaja. Katika karne ya 19 chuma cha kusubu kikawa rahisi, na jiliwa la chuma likawa bidhaa ya dukani: unalinunua, unalifunga kwa bolti chini ya meza yoyote, unaanza kazi jioni hiyohiyo. Baadaye likaongezewa kifyatuo cha kufungua haraka, fundi akaacha kuzungusha mpini mara ishirini. Sheffield, Uingereza, ilitengeneza ya aina ya Record yaliyosambaa duniani kote, na mtu aliyepita shule ya ufundi Afrika Mashariki ana uwezekano mkubwa wa kuwa amejifunza useremala kwenye jiliwa la chuma la sura hiyo. Ni kifaa kizuri, nami sina neno baya juu yake. Halikulazimu uiname kuhamisha pini. Lakini bei yake ni ya juu kwa fundi anayeanza, na yale ya bei nafuu yanayouzwa siku hizi hupasuka taya kwa kuwa chuma chake ni dhaifu. Kijana anamaliza chuo akiwa amezoea kifaa asichoweza kukinunua, anarudi kwenye misumari minne juu ya meza. Hapo ndipo ninapoona tumejinyima. Kifaa cha kale, ambacho nguvu yake inatosha na kusaza, kiliondoka kwenye mafunzo kabla hakijafika kwa watu wanaokihitaji zaidi.

Huko Marekani kimerudi. Mwaka 2007 Christopher Schwarz alitoa kitabu juu ya benchi za useremala ambamo alilifufua benchi la Roubo, akalitengeneza na kulifanyia kazi, na tangu hapo watu wengi wanaofanya useremala kwa mikono wamemfuata. Kampuni ya Benchcrafted ya Iowa ikaanza kuuza parafujo za chuma zenye gurudumu badala ya mpini, pamoja na vyuma viwili vilivyopishana kama herufi X, ambavyo vinakaa ndani ya mguu na taya na kuliweka taya wima lenyewe. Kwa vyuma hivyo pini haihitajiki tena. Ni ufundi mzuri sana, na bei yake ni ya watu wenye kipato cha huko. Mimi nasema papi na pini zinatosha.

Tuje kwenye utengenezaji. Taya liwe na unene wa sentimita 7 na upana wa kama sentimita 20. Mkongo unafaa kuliko mbao zote nilizowahi kutumia, na mvule nao si haba. Kama umebakiwa na paini tu, ile ya mashamba ya Sao Hill inayouzwa kila kona, gundisha mbao mbili au tatu uso kwa uso hadi upate unene huo, na fanya vivyo hivyo kwa mguu. Mguu mwembamba wa inchi mbili kwa mbili, ambao meza zetu nyingi zinao, hauwezi kubeba jiliwa. Ukiutoboa parafujo utakuwa umeukata nusu. Hakikisha pia uso wa mguu uko sawasawa na ukingo wa bao la juu, kama kwa Roubo. Ikiwa bao limetokeza, pigilia kipande cha mbao mbele ya mguu mpaka vilingane.

Parafujo ndiyo inayowasumbua watu. Fito za nyuzi zinazouzwa kwa ajili ya ujenzi zina nyuzi za karibu mno: ile ya milimita 20 inasogea milimita 2.5 tu kwa mzunguko mmoja, hivyo kufungua sentimita 5 unazungusha mara ishirini. Itabana vizuri, lakini itakuchosha, na nyuzi zake kali hujaa vumbi la mbao. Tafuta parafujo yenye nyuzi nene za mraba au zilizokatwa vichwa. Jeki za kuwekea miguu ya majukwaa ya ujenzi zina parafujo ya namna hiyo na nati kubwa yenye masikio, na zilizochakaa huishia kwa wauza vyuma chakavu. Mchomeleaji anaweza kukuwekea kichwa chenye tundu la mpini na bamba la kufungia nati nyuma ya mguu kwa kazi ya nusu saa.

Tobo la parafujo litobolewe taya na mguu vikiwa vimebanwa pamoja, ili yote mawili yawe kwenye mstari mmoja. Kisha tanua lile la taya kidogo kwa juu na chini, liwe na umbo la yai, kwa sababu taya huinama kidogo linapobana na parafujo haipendi kupindwa. Ili taya lirudi nje unapofungua, kata mfuo mwembamba kuzunguka shingo ya parafujo, halafu chomeka kwenye taya kipande cha mbao ngumu kinachoingia kwenye mfuo huo. Mpingo mdogo uliobaki kwenye kazi nyingine unafaa hapo, na unafaa kwa pini pia. Bila kipande hicho parafujo itatoka peke yake na kuliacha taya nyuma, nawe utakuwa unalivuta kwa mkono kila mara.

Papi iwe na safu mbili za matundu, kila safu ikiwa na nafasi ya sentimita 2.5 kati ya tundu na tundu, na safu ya pili ianzie katikati ya nafasi za ile ya kwanza. Hivyo unapata hatua za milimita 12 na nusu. Ukiwa na ubao wa sentimita 3, chagua tundu linaloweka nafasi kubwa kidogo kuliko hiyo chini, kama sentimita 4. Sehemu ya juu ya taya itagusa ubao kwanza, na hilo ndilo unalolitaka. Usiogope kwamba taya limeinama: tofauti ya sentimita moja juu ya urefu wa sentimita 70 haifiki hata digrii moja. Ukichagua nafasi ndogo kuliko ubao, taya litabana chini, karibu na parafujo, na juu ubao utacheza. Kama unafanya kazi ya unene uleule siku nzima, na mafundi wengi wa milango na vitanda ndivyo wanavyofanya, utahamisha pini asubuhi na hutaigusa tena hadi jioni.

Bandika ngozi kwenye taya na kwenye ukingo wa benchi unaotazamana nalo, upande wenye manyoya mafupi ukiangalia nje. Vipande vinavyotupwa na mafundi viatu vinatosha. Ngozi inafanya mambo mawili: inaongeza msuguano, kwa hiyo unahitaji kukaza kidogo tu, na inameza ule mwinamo mdogo wa taya, ubao ukapata mgandamizo ulio sawa. Hapo mbao laini haziachiwi alama.

Kinachobaki ni ncha ya pili ya ubao, iliyo mita mbili kulia kwako. Toboa matundu kwenye mguu wa mbele wa kulia, moja juu ya jingine kwa nafasi ya sentimita 5, chomeka kigingi kwenye tundu linalolingana na upana wa ubao, uegeshe juu yake. Sasa ubao umebanwa kushoto, umeegemea kulia, na umegusa benchi urefu wake wote. Unaweza kupiga randa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mwendo mmoja, na yule kijana akapewa randa ya pili na ubao wake mwenyewe.

Usipake grisi kwenye parafujo ya mbao wala kwenye papi, maana grisi inanasa vumbi la msumeno na kugeuka tope. Tumia nta ya nyuki au mshumaa. Na unapochonga mwanya wa papi mguuni, acha wazi milimita tatu juu na milimita tatu chini, hasa kama karakana yako iko Tanga, Mombasa au mahali popote pwani. Mbao iliyokauka vizuri mwezi Februari huvimba masika yanapoingia, na papi iliyokazwa sana itanasa ndani ya mguu hadi Juni.